Nani Asemaye? Jina, Ushahidi na Dhamana ya Mkutubi katika Data Unganishi: Mifano ya Migori na Homa Bay

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa fasihi tumezoea kuichukulia katalogi ya maktaba kama mlango. Mtu huupita ili akifikie kitabu, wala hasimami kuuhakiki mlango wenyewe. Katika makala hii tunakusudia kusimama mlangoni. Tunadai kwamba kila rekodi ya katalogi ni kauli. Kwamba kila kauli ina msemaji. Na kwamba msemaji anayejificha nyuma ya sauti ya taasisi amelikwepa jukumu ambalo mtambaji wa ngano, kijijini kwake, halikwepi. Dai hili lilikuwa kweli tangu zama za kadi na visanduku vya mbao. Hata hivyo, limepata uzito mpya kwa sababu ya mabadiliko yanayoendelea katika taaluma ya ukutubi, mabadiliko ambayo wengi wetu katika idara za fasihi tumewaachia mafundi wa kompyuta.

Mabadiliko yenyewe yaelezwe kwa ufupi. Katika miaka ya 1960 Henriette Avram, wa Maktaba ya Bunge la Marekani, aliongoza uundaji wa MARC, yaani muundo wa kuiandika kadi ya katalogi kwa namna ambayo mashine ingeweza kuisoma. Muundo huo ungali unatumika katika programu kama Koha, iliyoanza kazi New Zealand mwaka 2000 na ambayo maktaba nyingi za vyuo vikuu vya Kenya zimeipokea. Lakini rekodi ya MARC, hata ikiwa ndani ya mashine, ni kadi bado: imekaa peke yake, na maneno yaliyomo ni maandishi matupu ya kusomwa na binadamu. Mwaka 2006 Tim Berners-Lee aliandika kanuni za kile kinachoitwa data unganishi. Kila kitu, kiwe mtu, kitabu, mahali au dhana, kipewe anwani yake ya kudumu katika intaneti. Na kila habari ielezwe kama uhusiano baina ya anwani moja na nyingine. Kwa misingi hiyo Maktaba ya Bunge la Marekani ilianza mwaka 2011 kuandaa BIBFRAME, modeli iliyokusudiwa kuirithi MARC.

Swali la kifundi ni namna ya kuihamisha katalogi kutoka muundo mmoja hadi mwingine. Swali letu ni la kimaadili: modeli hii ikiletwa Migori na Homa Bay, irekebishwe vipi ili isiwadhulumu wale inaowataja? Hatusemi kwamba kazi hiyo imekwisha kufanyika huko. Tunauliza kabla haijafanyika, maana baada ya kufanyika swali hili huwa ni malalamiko tu.

Kaunti hizi mbili za ufuko wa ziwa zimechaguliwa kwa sababu maalumu. Katiba ya mwaka 2010 iliyaweka maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti, kwa hivyo uamuzi hautasubiri Nairobi. Kila kaunti ina chuo kikuu: Rongo kilipata hati yake mwaka 2016, na Tom Mboya mwaka 2022. Zaidi ya hayo, Kidholuo, Kikuria, Kisuba na Kiswahili hukutana hapo kwa namna ambayo haikubali uainishaji mwepesi.

2.0 Sentensi Isiyo na Nafsi

Msingi wa data unganishi ni sentensi ya sehemu tatu. Mwanafunzi yeyote wa sarufi ataitambua: kiima, kitenzi, shamirisho. Kitabu fulani – kimetungwa na – mtu fulani. Mtu fulani – alizaliwa – mahali fulani. Rekodi nzima ya kitabu huvunjwavunjwa ikawa rundo la sentensi kama hizi, na kila sentensi huweza kusafiri peke yake, ikachukuliwa na maktaba nyingine, ikaunganishwa na sentensi za watu wengine, ikazaa hitimisho ambalo hakuna aliyelitamka.

Sarufi hii ina upungufu ambao mhakiki wa fasihi huuona mara moja. Haina nafsi ya kwanza. Haina “nasikia”, haina “wazee walinena”, haina “yamkini”. Katika Kiswahili tunajua tofauti iliyopo kati ya *alikuwa* na *inasemekana alikuwa*. Sentensi ya sehemu tatu, ikiachwa ilivyo, haijui. Kila inachokisema hukisema kwa sauti moja tulivu, kana kwamba ulimwengu wenyewe ndio unaonena.

Fasihi yetu haikuzoea hivyo. Mtunzi wa utendi aghalabu hujitaja katika beti za mwisho, akaitaja na tarehe, ili ajulikane wa kulaumiwa na wa kuombewa dua. Wanazuoni wa hadithi za Mtume waliujenga mfumo mzima wa isnadi, yaani mnyororo wa wapokezi, ambamo kauli huchunguzwa kwa kuwachunguza walioipokezana. Hata fanani asiyejua kusoma hutanguliza kwamba alisimuliwa na nyanya yake.

Tuangalie mfano mmoja wa Kiswahili ili tuone hasara ilivyo. Katalogi husema: *Diwani ya Muyaka*, mtunzi Muyaka bin Haji. Ni kweli. Lakini Muyaka, aliyetunga Mombasa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, hakukiona kitabu hicho. Mashairi yake yalikaa vichwani mwa watu, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi akayakusanya na kuyafafanua, W. E. Taylor akayanakili, William Hichens akayahariri, yakachapwa Johannesburg mwaka 1940. Sentensi moja ya katalogi imeruka watu watatu na takriban karne nzima. Anayepotea kwanza katika mruko huo si Mwingereza, kwa kuwa Hichens atatajwa kama mhariri. Anayepotea ni Sikujua, ambaye jina lake, kwa kejeli ya majaliwa, limekuwa jibu la katalogi kila inapoulizwa habari zake.

Watetezi wa modeli watasema kwamba dawa ipo, na wanasema kweli. Tangu mwaka 2013 lipo pendekezo rasmi la kueleza asili ya data, liitwalo PROV. Wikidata, iliyoanzishwa mwaka 2012, iliundwa ihifadhi madai pamoja na vyanzo vyake, hata madai yanayopingana. BIBFRAME nayo ina mahali pa kuitaja taasisi iliyoandaa maelezo. Tatizo ni kwamba kumtaja msemaji ni hiari, na kitu cha hiari katika maktaba yenye mtumishi mmoja na sanduku la vitabu lisilofunguliwa ni kitu kisichofanyika. Tena kuitaja taasisi iliyoandaa maelezo yote si sawa na kumtaja aliyesema jambo hili mahususi.

3.0 Nyamgondho na Hatari ya “Yuleyule”

Ufukoni mwa Gwassi, katika Kaunti ya Homa Bay, karibu na Nyandiwa, husimuliwa habari za Nyamgondho wuod Ombare, yaani Nyamgondho mwana wa Ombare. Katika masimulizi yanayojulikana sana, alikuwa mvuvi fukara. Siku moja wavu wake ulileta mwanamke mzee mwenye sura ya kuchukiza. Alimchukua nyumbani, na kwa kuja kwake boma likajaa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Utajiri ulipomlevya, na pombe nayo ikamlevya, alirudi usiku akakuta lango limefungwa, akamtukana yule mwanamke kwa kumkumbusha alikotolewa. Mwanamke aliondoka kimya kuelekea ziwani, na mifugo yote ikamfuata ikazama. Nyamgondho alibaki ameegemea fimbo yake, akageuka mti. Wenyeji huonyesha miamba na alama za nyayo.

Tuchukulie kwamba mkutubi wa kaunti amepokea mkusanyiko wa ngano wenye kisa hiki na anataka kukiunganisha na ulimwengu. Atapata mara moja faharasa ya kimataifa ya ngano, ile iliyoanzishwa na Antti Aarne, ikaendelezwa na Stith Thompson, na kupanuliwa na Hans-Jörg Uther mwaka 2004. Humo, chini ya namba 555, imo ngano ya mvuvi na mkewe. Mvuvi fukara anapata kiumbe cha ajabu majini, ufukara unakwisha, utajiri unazidi, mwishowe vyote vinapotea na mtu anarudi alikokuwa. Mfanano ni mkubwa. Mkutubi ataandika sentensi ya sehemu tatu yenye kusema kisa hiki ni cha aina ile, na kwa sentensi hiyo moja Gwassi itaingia katika mtandao wa ngano za dunia. Nani hatafurahi?

Sisi hatufurahi, na sababu yetu ni ya kihakiki. Katika ngano ya Kijerumani iliyokusanywa na ndugu Grimm, anayeleta maangamizi ni mke. Yeye ndiye asiyetosheka: anataka nyumba, kisha kasri, kisha ufalme, kisha zaidi, na mume ni mnyonge anayetumwa. Katika kisa cha Nyamgondho mwanamke haombi kitu. Yeye ndiye kisima cha neema, na anayeangamiza ni mume kwa kiburi na ulimi. Kosa katika ngano ya kwanza ni tamaa. Katika ya pili ni masimango, dhambi ambayo jamii zetu huiona nzito kuliko tamaa, kwa kuwa humvua mtu utu kwa kumrejesha penye unyonge wake wa awali. Kiungo hicho kimoja, basi, kimeihamisha hatia kutoka kwa mwanamume hadi kwa mwanamke. Msomaji wa mbali anayefika kwenye kisa cha Gwassi kupitia namba 555 atakuwa amekwisha kuambiwa amlaumu nani kabla hajasoma neno moja.

Hapa ndipo tunapoona kwamba kuunganisha ni kufasiri. Kanuni za data unganishi zina kiungo kikali zaidi, kile kinachosema kwamba kitu hiki na kile ni kimoja, ni yuleyule. Mashine ikishaambiwa hivyo huchukua kila sifa ya mmoja ikampa mwenziwe bila kuuliza. Katika uhakiki linganishi hatufanyi hivyo. Tukisema visa viwili vinafanana huwa tumefungua mjadala, wala hatujaufunga. Katalogi inayoujali ukweli ingehitaji kiungo dhaifu zaidi, chenye kusema “fulani amelinganisha hiki na kile, kwa upande huu na si ule”, na jina la huyo fulani liwe sehemu ya kauli isiyoweza kung'olewa.

Kuna jambo la pili. Kisa hiki leo husimuliwa zaidi kwa Kidholuo, na ni kawaida kukiita ngano ya Wajaluo. Lakini watu wa Gwassi huhesabiwa miongoni mwa Wasuba, jamii ya Kibantu ambayo katika vizazi vingi vya ujirani na kuoana imehamia Kidholuo kwa kiasi kikubwa. Mkutubi akiandika kwamba lugha ya kitabu ni Kidholuo, amesema kweli. Mashine, kwa kanuni iliyopewa, huweza kuhitimisha kwamba utamaduni unaoelezwa ni wa Kiluo, na hakuna aliyesema uongo popote. Msuba alikwisha kupoteza lugha. Sasa anapoteza na kisa, tena kwa hitimisho ambalo halina mhitimishaji. Wala hatupendekezi kisa kipokonywe wasimulizi wake wa Kiluo kikabidhiwe Wasuba kama ng'ombe aliyeibiwa. Kisa kina makao mawili, na katalogi iseme ni nani anayekidai na kwa msingi gani.

4.0 Lugha Iitwayo “Nyingine”

Jambo hili la tatu tulipitie haraka, kwa kuwa liko wazi. Katika orodha ya misimbo ya lugha inayotumiwa na MARC, Kiswahili kina msimbo wake na Kidholuo kina wake. Kikuria, kinachosemwa kusini mwa Migori na ng'ambo ya mpaka huko Tarime, hakina. Kitabu cha Kikuria huwekwa katika fungu la jumla la lugha nyingine za Kibantu. Msomaji wa Kehancha akitafuta vitabu vya lugha yake ataletewa vya lugha kadhaa za Afrika visivyomhusu. Orodha pana zaidi ya ISO, iliyotoka mwaka 2007, ilizipa Kikuria na Kisuba misimbo yao, na moja ya faida za kweli za data unganishi ni kwamba rekodi yaweza kuielekea orodha hiyo pana bila kusubiri ruhusa. Tunakiri faida hiyo kwa moyo mkunjufu. Isipokuwa rekodi za zamani hazitajirekebisha. Programu ya kuhamisha data ikikuta “Bantu nyingine” itahamisha “Bantu nyingine”, na mtu atalazimika kukishika kila kitabu mkononi na kukifungua. Hapo hakuna modeli itakayomsaidia.

5.0 Je, Aliishi?

Swali gumu kuliko yote limo katika modeli ya rejea iliyotolewa mwaka 2017 na IFLA, shirikisho la kimataifa la maktaba. Modeli ya awali, ya mwaka 1998, ilitofautisha kwa ustadi kazi kama wazo, kazi kama ilivyosemwa kwa maneno fulani, toleo lililochapwa, na nakala iliyo rafuni. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi mgawanyo huo ni wa kupendeza, ijapokuwa uliwaza kitabu kwanza na sauti baadaye. Modeli ya 2017 iliongeza sharti: dhana ya “mtu” iwahusu tu watu halisi walioishi, au wanaochukuliwa kuwa waliishi. Uthibitisho mkali hautakiwi. Hutosha kuwepo ukubali wa jumla kwamba yamkini mtu huyo alikuwako. Wahusika wa kubuni na wa mighani hawamo.

Ukubali wa nani? Huko Nyandiwa, mzee anayemwonyesha mgeni nyayo mwambani hasimulii hadithi ya kubuni. Anaeleza habari za jirani wa zamani. Ofisi iliyo mbali, iwe ya Nairobi au ya Washington, haitakuwa na shaka kwamba Nyamgondho ni mhusika wa mighani. Modeli inamtaka mkutubi achague kisanduku, na visanduku ni viwili tu. Akimweka Nyamgondho kwenye kisanduku cha watu, ataambiwa hana elimu. Akimwondoa, atakuwa amewaambia watu wake, kwa saini ya maktaba yao wenyewe, kwamba wanachokiamini si kweli.

Tatizo hili halikuanzia ziwani. Fumo Liyongo wa Pate na Shanga ameliishi muda mrefu. Edward Steere alichapa habari zake mwaka 1870. Muhammad Kijumwa wa Lamu akamtungia utendi mwaka 1913. Wataalamu wamebishana juu ya karne aliyoishi, na wengine juu ya kuishi kwenyewe. Hata hivyo Liyongo hutajwa kama mtunzi wa mashairi, na mtunzi sharti awe mtu. Kwa hivyo Liyongo hupata uhalisi kwa sababu ana maandishi yanayohusishwa naye, ilhali Nyamgondho, ambaye ana miamba badala ya maandishi, huukosa. Ukitazama kwa makini, kipimo kinachotumika ni karatasi. Historia haijaulizwa.

Ulinganisho mwingine uko karibu zaidi. Gor Mahia wa Kanyamwa, upande wa Ndhiwa, alikuwa mganga na kiongozi mashuhuri aliyeishi hadi enzi za ukoloni, na klabu ya kandanda iliyoanzishwa mwaka 1968 inabeba jina lake. Kuwako kwake hakuna mashaka. Lakini yanayosimuliwa juu yake, ya kujigeuza maumbo na kuwapumbaza maafisa, ni ya sanaa ileile inayomsimulia Nyamgondho. Modeli inawatenganisha watu wawili ambao fanani huwasimulia katika kikao kimoja, kwa sauti moja.

Tunadhani suluhisho halimo katika kuongeza kisanduku cha tatu. Limo katika kuacha kuwako kwa mtu kuwe sifa ya rekodi na kukufanya kuwe kauli ya mtu: kwa wasimulizi wa Gwassi, aliishi, kwa mwanahistoria fulani, katika kazi yake ya mwaka fulani, hakuna ushahidi. Kauli zote mbili ziwepo, zikitazamana. Maktaba haitakuwa imeamua. Wapo watakaosema huo ni woga. Sisi tunaona ni unyofu, kwa kuwa maktaba kweli haijui, na asiyejua hana haki ya kutoa hukumu kwa kunyamaza.

6.0 Simbi: Kitabu, Ziwa na Kisa

Karibu na Kendu Bay liko ziwa dogo la duara liitwalo Simbi Nyaima, lililotangazwa kuwa hifadhi ya kitaifa mwaka 2000. Kisa chake ni mashuhuri: bibi kizee mgeni alifika kijijini wakati wa karamu, akafukuzwa, akapokewa na mwanamke mmoja tu, usiku mvua ikanyesha, kijiji kikazama. Jina lenyewe linabeba habari hiyo ya kuzama. Mwaka 1983 Grace Ogot alichapisha kitabu cha Kidholuo chenye jina hilohilo.

Sentensi “*Simbi Nyaima* – kimetungwa na – Grace Ogot” ni sahihi ikiwa inahusu kitabu. Ikihusu kisa ni dhuluma, tena dhuluma ambayo mwandishi mwenyewe hakuidai. Modeli ya 1998 ina uwezo wa kutenganisha mambo haya mawili, na ni haki kuisifu kwa hilo. Lakini ili kutenganisha, mkutubi anahitaji kukiundia kisa anwani yake, na mahali pa mtunzi akajaze nini? “Hajulikani” si jibu. Mtunzi asiyejulikana ni mtu mmoja ambaye jina lake limepotea, mathalan mtunzi wa utendi ambaye ukurasa wake wa mwisho uliliwa na mchwa. Kisa cha Simbi hakikumpoteza mtunzi. Kina watunzi wengi mno, na kila mmoja alikipokea kwa mwingine. Kuandika “hajulikani” ni kukigeuza kuwa mali isiyo na mwenyewe, na mali ya namna hiyo huokotwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na tamathali za kitamaduni inatambua kwamba jamii yaweza kuwa mwenye haki. Katalogi isiyo na namna ya kuitaja jamii kama mwenye kisa iko nyuma ya sheria ya nchi yake.

Kuna pia ziwa lenyewe. Wanajiolojia husema shimo lake lilitokana na volkeno. Wasimulizi husema lilitokana na unyimivu. Katalogi ikiwa na uhusiano uitwao “asili”, majibu mawili yatashindana. Msomaji mwerevu anajua hayashindani, kwa kuwa moja linaeleza maji yalivyopata kukaa pale, na la pili linaeleza kwa nini mgeni hafukuzwi mlangoni. Lakini anajua hivyo kwa sababu anajua nani kasema lipi. Ondoa wasemaji, na umebaki na kosa la data linalongoja kusahihishwa na fundi.

7.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza linatoka kwa wakutubi wenyewe, na lina nguvu. S. R. Ranganathan, katika kanuni zake tano za mwaka 1931, alisema maktaba iuokoe muda wa msomaji. Msomaji anayetafuta kitabu cha Ogot hataki kupitishwa katika mnyororo wa wapokezi. Na mkutubi wa kaunti, ambaye rekodi zake nyingi amezinakili kutoka maktaba kubwa za nje kwa kuwa hana saa za kutosha, atapata wapi muda wa kutaja msemaji wa kila sentensi?

Tunajibu kwamba hatujaomba kila sentensi. Idadi ya kurasa haihitaji isnadi. Tunaomba mambo manne tu yasiandikwe bila msemaji: nani alitunga, kisa ni cha nani, nani aliishi, na nini ni sawa na nini. Kuhusu kunakili, hoja inageuka upande wetu. Maktaba inayonakili rekodi ya mbali imeweka maneno ya mwingine kinywani mwake. Ikionyesha kwamba ni maneno ya mwingine, imebaki huru kuyapinga siku itakapopata nafasi. Ikiyafanya yake, imejifunga. Tena data unganishi inaifungulia maktaba ndogo njia ambayo MARC haikuifungua, yaani kusema jambo likasikika mbali. Rongo inaweza kuongeza kauli moja juu ya kitabu ambacho rekodi yake iko Washington, na kauli hiyo ikasomwa kando ya ile ya kwanza.

Pingamizi la pili tunaliogopa zaidi, kwa kuwa linatugeukia. Tukisisitiza kwamba kila kauli itaje msemaji, tutamtaja na yule asiyetaka kutajwa. Vyuoni mwetu kuna rundo la kanda, tasinifu na ripoti za wanafunzi waliotumwa vijijini kukusanya fasihi simulizi. Kila ripoti ina jina la msimulizi, umri wake, ukoo wake, kijiji chake. Pengine na picha. Rafuni, habari hizo zilisomwa na mtahini na wanafunzi wachache. Zikiwa na anwani katika intaneti zitaunganishwa na orodha nyingine ambazo msimulizi hakuziwaza alipokubali kutamba ngano jioni moja kwa ajili ya kijana wa jirani. Akiwa alisimulia kisa kinachowasema vibaya watu wa ukoo wa pili, au kinachogusa mpaka wa shamba, jina lake laweza kumletea madhara. Sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inalihusu suala hili, lakini hata pasingekuwa na sheria, ridhaa ya kusimulia si ridhaa ya kuunganishwa.

Kwa hivyo tunatofautisha kati ya msemaji kuwako katika rekodi na msemaji kuonekana na kila mtu. Kauli ya Gwassi yaweza kubeba alama kwamba ina msemaji anayejulikana na maktaba, bila jina hilo kutoka nje ya maktaba. Anayelihitaji aje aulize, na anayeulizwa awe mtu, si mashine. Njia hii itawaudhi wanaoamini kwamba data yote iwe wazi kwa wote. Wana hoja zao, na nyingi ni nzuri zinapohusu bajeti za serikali. Bibi wa Nyandiwa si serikali. Kanda yake ipewe anwani, kisa chake kiunganishwe na ziwa, na miamba, na hata na ile namba 555 ikiwa mlinganishaji atatia saini. Jina lake libaki katika daftari la mkutubi mpaka yeye mwenyewe, au wanawe ikiwa hayupo tena, waendewe nyumbani na kuulizwa.